Nyumba ya mbao juu ya lava, disjonkteri inaruka: fundi anataka kuweka ya 40, nikubali?

Mama Riziki, Murara (Goma)

Jambo wote. Naandika nikiwa na wasiwasi. Naomba wenye ujuzi wa umeme wanisaidie, hasa wanaofanya kazi hapa Goma.

Nyumba yetu ni ya mbao, mabati juu na mabati kuzunguka jikoni, iko Murara juu ya lava ile ya volkano ya 2002. Waya zilipitishwa na rafiki wa marehemu mume wangu: waya mbili mbili tu, nyekundu na nyeusi, zimepigiliwa juu ya mbao, na pale zinapoungana zimesokotwa na kufungwa skochi (utepe). Teri, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, hakuna. Kwenye tablo (boksi la swichi kuu) kuna disjonkteri moja ya ampea 16 kwa nyumba nzima, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi.

Zamani tulipikia makala, umeme ulikuwa wa taa, televisheni na kuchaji simu. Makala yamepanda mno, basi nimenunua resho ya umeme ya sahani mbili. Nikiwasha sahani zote na binti yangu akachomeka pasi au birika, disjonkteri inaruka. Fundi kijana wa avenyu yetu amekuja, ameangalia kidogo, anasema dawa ni disjonkteri ya 40. Anataka dola 15 na kazi inaisha leo.

Kuna jambo lingine. Mvua ikinyesha, bati la jikoni linasisimua mkono. Si kwa nguvu, lakini watoto wameshaanza kuliogopa. Yule fundi anasema ni unyevu tu. Nilipomuuliza habari ya teri akacheka: "Mama, Goma ni jiwe tupu, teri utaipigilia wapi?"

Nimkubalie? Na kama si hivyo nianzie wapi, maana pesa zenyewe ni za kuhesabu.

Muuza Vifaa, Birere

Pole mama. Mimi nauza vifaa vya umeme. Disjonkteri za 32 na 40 ndizo wateja wanazochukua kila siku tangu watu waanze kupikia umeme. Chukua iliyo nzito mkononi, ile nyepesi ya plastiki tupu iache. Ongeza na stabilizateri, maana umeme ukikatika hurudi na nguvu na frigo inaungua.

Mzee wa Katindo

Mama Riziki, kabla hujasoma yanayofuata, nenda kazime disjonkteri. Leo usiku mtatumia tochi. Bati linalosisimua mvua ikinyesha lina umeme juu yake, na hiyo "si kwa nguvu" ni kwa sababu mkono ulikuwa mkavu na mguu una kandambili. Mtoto aliyetoka kuoga, miguu mitupu juu ya jiwe lenye maji, akishika bati lile lile, hatasisimuka, atang'ang'aniwa. Fundi yeyote anayesema ni unyevu tu, mwambie aende. Unyevu hauleti umeme. Unaonyesha njia ya umeme uliokwisha kuvuja mahali fulani. Usiuwashe tena mpaka apatikane mtu wa kutafuta waya uliochubuka. Mara nyingi ni pale waya unapopita kwenye tundu la bati: ukingo wa bati ni kisu, na upepo ukilitikisa kila siku linaukata ule mpira taratibu.

Sasa hii habari ya 40. Nimefanya kazi ya umeme mji huu tangu ujana wangu, nimefundisha na vijana, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa hiyo niruhusu nilieleze polepole.

Disjonkteri haikuwekwa kulinda resho yako. Iliwekwa kulinda waya uliomo ukutani. Fanya hesabu: resho ya sahani mbili kwa kawaida inakula wati 2,500. Gawanya kwa volti 220, unapata ampea 11 na kitu. Birika la wati 2,000 ni ampea 9. Pasi ya wati 1,200 ni 5 na nusu. Vikiwaka pamoja ni karibu ampea 26. Waya zako zilipitishwa kwa ajili ya taa na televisheni, kwa hiyo karibu hakika ni za milimita 1.5 za mraba, na waya wa namna hiyo haufai kubebeshwa zaidi ya ampea 16. Disjonkteri yako inaruka kwa sababu inafanya kazi yake vizuri.

Ukiweka ya 40, ampea 26 zitapita bila mtu kuambiwa kitu. Na joto la waya halipandi sawa na ampea, linapanda kwa mraba wake: kutoka 16 kwenda 26 joto ni zaidi ya mara mbili na nusu. Waya huo umepigiliwa juu ya mbao kavu. Pale kwenye maungio ya kusokotwa na skochi ndipo patakapowaka kwanza, kwa sababu maungio yaliyolegea yana ukinzani, yaani yanazuia umeme upite, na ukinzani ndio unaozaa moto. Hutauona mwanzo wake. Utanusa kitu kama samaki aliyeungua, siku kadhaa, halafu usiku mmoja ni mbao zenyewe. Na Murara nyumba zinagusana. Haiungui yako peke yake.

Waya kwanza, disjonkteri baadaye. Waya wa 1.5 ni wa taa na disjonkteri yake ni ya 10. Waya wa 2.5 ni wa prizi (soketi za ukutani), disjonkteri ya 16, au 20 kama waya ni mzuri na haukubanwa na joto. Resho ipewe laini yake yenyewe kutoka tablo, isishirikiane na kitu kingine. Ya sahani mbili inatosheka na 2.5, kama unafikiria siku moja kununua jiko kubwa la sahani nne na tanuri, pitisha 6 sasa hivi na disjonkteri ya 32, hutavunja tena. Disjonkteri kubwa inakaa mbele ya waya mnene tu.

Nije kwenye teri, maana kijana wako ana sehemu ya ukweli na sehemu hiyo ndiyo inayomdanganya.

Ni kweli, piki ya teri, ile fimbo ya chuma ya kupigilia ardhini, haiingii kwenye lava. Na hata ikiingia, jiwe la lava halipitishi umeme vizuri, kwa hiyo teri ya Goma mara nyingi ina ukinzani mkubwa. Tuseme umehangaika ukapata teri ya ohmu 200. Waya wa fazi, ule unaoleta umeme, ukigusa mwili wa resho, umeme utakaopita kwenda ardhini ni 220 gawanya kwa 200: ampea 1 na kidogo. Disjonkteri ya 16 haishtuki kwa ampea 1. Resho inabaki imesimama pale na karibu volti 220 kwenye mwili wake, ikikusubiri. Ndiyo maana mafundi wengi wa hapa wameona teri zao "hazifanyi kazi" wakaziacha kabisa.

Jibu lake lipo, ni diferansieli ya miliampea 30. Hii inapima umeme unaokwenda kwa waya wa fazi na unaorudi kwa waya wa netri. Vikiwa sawa, inakaa kimya. Ikikosekana hata miliampea 30, yaani kuna umeme unaotorokea ardhini, kwenye bati au kwenye mwili wa mtu, inakata kwa chini ya sekunde 0.3. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo: misuli ya mtu inakaza hata kabla ya hapo, kuanzia hapo pumzi inaweza kuzibwa, na umeme ukizidi moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Sasa rudi kwenye ile teri yetu mbovu ya ohmu 200. Inapitisha ampea 1. Diferansieli inahitaji 0.03 tu. Inakata papo hapo, kabla hujagusa sufuria. Kwa hesabu, ili volti kwenye mwili wa chombo zisipite 50, diferansieli ya 30 inaweza kuvumilia teri ya hadi ohmu 1,600 hivi. Mimi silali kwa 1,600, natafuta chini ya 100. Lakini unaona: kwetu juu ya lava, diferansieli si anasa ya nyumba za Himbi. Sisi wa juu ya jiwe tunaihitaji kuliko watu wenye udongo mzuri.

Na vyote viwili vinatakiwa. Diferansieli bila teri itakata, lakini itasubiri mpaka umeme upite ndani ya mtu. Ukiwa na teri inakata kabla mtu hajaguswa.

Stabilizateri ya ndugu wa Birere ni nzuri kwa frigo. Kwa mtu anayeshika bati haina msaada wowote.

Fundi Kadutu (Bukavu)

Mzee, aksanti kwa somo. Huku kwetu udongo ni mwekundu, mzito, piki ya mita 2 inaingia kwa nyundo tu, kwa hiyo sijawahi kukutana na shida hiyo. Mnaifanyaje teri kwenye jiwe? Nimesikia watu wanamimina chumvi.

Mzee wa Katindo

Ndugu wa Kadutu, chumvi hapana. Inapunguza ukinzani msimu mmoja, mvua inaiosha, na ile iliyobaki inakula shaba. Baada ya muda una waya uliokatika chini ambao hakuna anayeuona.

Tunachofanya ni kulala badala ya kusimama. Usipigilie piki kwenda chini. Chimba mtaro mrefu, mita 10 au zaidi, kwa kina mnachoweza kukipata kwa bamina (mtaimbo). Ulaze humo waya wa shaba mtupu wa milimita 25 za mraba, halafu ujaze udongo mweusi wa shamba uliobebwa kwa chukudu (kigari cha mbao), si vipande vya lava vile vile mlivyovitoa. Unga wa makala uliopondwa unaweza kuchanganywa, unashika unyevu. Mtaro upite chini ya ukingo wa paa, maji ya mvua yanapodondokea, au karibu na mahali pa kuogea. Anayejenga nyumba mpya ana bahati: alaze waya huo chini ya msingi kuzunguka nyumba yote kabla ya kumwaga zege. Ukiacha hatua hiyo huirudii tena. Mwisho mpime kwa telurometri. Mkikosa, msijaribu teri kwa kuunganisha ampuli (balbu) kati ya fazi na waya wa teri, kama nilivyoona vijana wakifanya. Hapo mnapandisha umeme kwenye ardhi na kwenye kila bati lililounganishwa nayo.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu nakikuta kila kartiye. Kuna mafundi ambao mteja akidai teri, wanachukua waya mfupi ndani ya prizi na kuunganisha netri na ule msumari wa teri. Mteja anaona waya, anafurahi. Siku netri itakapokatika huko kwenye nguzo, mwili wa kila chombo kilichochomekwa unakuwa na umeme kamili. Mama, fundi wako atakapomaliza, mwambie afungue prizi moja mbele yako. Ukiona waya mfupi unaoziunga hizo mbili, asilipwe.

Muuza Vifaa, Birere

Nimekusoma mzee. Na mimi niseme la dukani, maana mama ataingia dukani na pesa zake.

Rola za waya zipo za namna mbili na kwa macho zinafanana. Moja ni shaba. Nyingine ni aluminiyamu iliyopakwa shaba juu, inauzwa nafuu, na wengi ndiyo wanayoichukua. Jaribu hivi: kata ncha, kwangua kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ile nyingine ukikwangua inang'aa nyeupe. Halafu inua rola. Kwenye mita 100 za waya wa 2.5, shaba peke yake ina kilo 2 na zaidi, bado hujaweka mpira wake. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, irudishe.

Na maandishi yasikudanganye. Kuna waya umeandikwa 2.5 na ndani ni kama 1.5. Waya wa shaba wa uzi mmoja wa 2.5 una kipenyo cha karibu milimita 1.8, wa 1.5 una 1.4. Duka linalouza kwa haki litakukubalia upime kwa kalipa, mimi ninayo kwenye kaunta.

Mama Riziki, Murara

Mungu awabariki. Jana usiku tulilala gizani kama mzee alivyosema. Leo nimepata fundi mwingine, mtu mzima, aliyefundishwa shule. Alipanda juu na kuupata: waya wa taa ya nje unapita kwenye tundu la bati juu ya mlango wa jikoni, mpira umekatika, shaba nyekundu inaonekana, ukubwa wa ukucha. Pale pale ninapofungia kamba ya kuanikia nguo.

Ameukata ule waya wa nje na kuufunga mwisho wake, akapima bati na chombo chake, akasema sasa halina kitu. Lakini siwezi kubadilisha nyumba nzima mwezi huu. Ada ya shule inakuja. Nikigawa kazi, nianze na nini? Na je, naweza kuendelea kupika?

Mzee wa Katindo

Nashukuru kusikia hivyo. Huyo mtu mzima mshike, usimwache.

Gawa hivi. Cha kwanza, kabla ya waya hata mmoja mpya, diferansieli ya miliampea 30 baada ya kompteri (mita ya umeme), ishike nyumba nzima. Iwe ya 40. Usichanganyikiwe na namba hiyo, ya diferansieli ni umeme inaoweza kupitisha bila kuungua yenyewe, na ile 16 yako inabaki pale pale kulinda waya. Huenda siku ya kwanza ikakataa kusimama. Watu wengi hapo huiondoa na kusema ni mbovu. Ikikataa, inakuambia kuna waya mwingine umechubuka, mtafute. Nunua ya aina A ukiipata, kwa sababu majiko ya induksheni na vifaa vyenye elektroniki vinavuja umeme ambao aina AC haiuoni vizuri. Ina kitufe cha kujaribu, kibonyeze kila mwezi. Lakini ujue: kitufe kinafanya kazi hata nyumba isiyo na teri, kwa hiyo kuruka kwake hakuonyeshi kwamba teri yako ni nzima.

Pili, laini ya resho. Waya tatu za 2.5 ndani ya bomba la plastiki kutoka tablo hadi jikoni, prizi moja, disjonkteri yake ya 16. Wa tatu ni ule wa kijani na manjano hata kama mtaro wa teri haujachimbwa. Usikubali wakupitishie mbili halafu waseme watarudi. Hapo utapika sahani zote mbili bila shida. Mpaka siku hiyo, pika kwa sahani moja, pasi na birika vingoje zamu yao, na hiyo 16 isiguswe na mtu.

Tatu, mtaro wa teri, na mabati ya jikoni yaunganishwe nayo kwa waya na skrubu. Vijana wako wanaweza kuchimba wenyewe, ukamlipa fundi shaba na kuunganisha tu.

Waya za zamani za vyumbani zingoje mwisho, chumba kwa chumba. Maungio yote yaingie kwenye boksi na yafungwe kwa domino (viungio vya skrubu), skochi peke yake isishike waya mahali popote. Kila waya unapopita kwenye bati, uvae bomba. Kazi yote ifanyike umeme ukiwa umezimwa, na fundi ahakikishe kwa multimetri. Bisibisi yenye taa inadanganya. Upande wa kompteri uliofungwa kwa muhuri wa risasi si wake wala si wako, hapo wanakuja watu wa kampuni.

Papa Ushindi, Ndosho

Samahani kuingilia. Sisi tuna jenereta, tukikatiwa umeme kijana wangu anaichomeka kwenye prizi ya ukutani kwa waya wenye vichwa viwili, nyumba inawaka. Diferansieli itatulinda?

Mzee wa Katindo

Papa, huo waya uukate leo. Kichwa kimoja kikitoka prizini wakati jenereta inafanya kazi, vyuma viwili vitupu vina volti 220 mkononi mwa kijana. Na msipozima disjonkteri kuu, umeme wenu unatoka barabarani, unaingia kwenye transfoma kwa kinyume na kupandishwa kuwa maelfu ya volti, wakati mfanyakazi yuko juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Diferansieli ya nyumbani haioni hayo. Weka inverseri, swichi ya kubadilisha yenye nafasi tatu: kampuni, sifuri, jenereta. Haiwezekani zikutane.

Mama Riziki, Murara

Diferansieli nimeinunua, fundi anakuja Jumamosi. La mwisho mzee: jirani nyuma yetu anachukua umeme kwangu kwa ralonji (waya wa kurefusha) iliyopita juu ya uzio, ana taa tatu na redio, analipa kidogo kila mwezi. Fundi anasema nimkate. Ni mjane kama mimi, sipendi kumkata.

Mzee wa Katindo

Ukivuta laini peke yako kwenda kwenye parseli nyingine, tatizo likitokea utaulizwa wewe, kwa hiyo uliza kwanza kwenye kampuni yako kama wanaruhusu na gharama ya kumpa kompteri yake ni kiasi gani. Mkipata ruhusa, ile ralonji iondoke. Apewe kable ya nje yenye waya tatu za 2.5, ipite juu mahali ambapo mtu hafikii kwa mkono, isilale kwenye bati la uzio. Kwenye tablo yako ipewe disjonkteri yake ya 10, nyuma ya diferansieli, ili kosa la kwake likatwe kama la kwako. Na mwambie mapema kwamba ni taa na redio tu. Siku akinunua resho aje kwako kabla hajaichomeka.